Vyuma Visivyoibwa

Jumatatu saa mbili asubuhi dirisha la karakana ya chuo lilifunguliwa kwa upana wa kiganja, kama kawaida, na mkono wa Fundi Mkuu ukatoka nje kupokea michoro. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamejipanga kuanzia dirishani hadi kwenye pipa la mafuta machafu, kila mmoja ameshika karatasi yake iliyokunjwa kama mkeka. Mkono ulipokea mchoro, ukaingia nao ndani, muhuri ukasikika ukigonga, kisha mkono ukatoka mtupu. Huko ndani mchoro ulitundikwa msumarini. Ukuta mzima ulikuwa na misumari, kila msumari ulibeba michoro tele, na ile ya chini kabisa ilikuwa ya watu ambao sasa walikuwa na watoto shuleni.

Wa nne kwenye foleni alikuwa binti aliyeitwa Milimita. Jina hilo alipewa mwaka wa kwanza, siku alipomrudishia mpishi wa bwalo kipande cha mkate kwa kuwa kilikatwa upande. Hakuwa na mchoro mkononi. Wake ulitundikwa wiki ya pili ya muhula, na tangu hapo alikuja kila Jumatatu kuujulia hali.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Wewe tena."

"Mchoro wangu umefika wapi?"

"Uko palepale msumarini. Haujambo."

"Utashuka lini?"

"Fomu ikisainiwa."

"Na fomu iko wapi?"

"Kwa Mkuu wa Idara."

"Na Mkuu wa Idara yuko wapi?"

Mkono ulifikiri kidogo. "Aliye nyuma yako asogee," ulisema.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa kitanda. Mama yake Milimita aliteleza kwenye ngazi za ofisi ya ardhi miaka mitatu nyuma, akiwa na faili mkononi, na tangu siku hiyo kiuno na miguu vilikuwa vyake kwa jina tu. Mtu aliyelala hivyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya mgongo hufunguka. Aliyemgeuza ni kaka yake Milimita, fundi cherehani, ambaye aliihamishia cherehani yake chumbani kwa mama ili kupunguza mbio za ukumbini. Alishona kola, akamgeuza mama. Akashona mifuko, akamgeuza mama. Kiwanda kimoja cha sare katika mji mwingine kilikuwa kimempa kazi na kukubali kumsubiri hadi mwisho wa muhula, si zaidi.

Kitanda cha Milimita kingemgeuza mama chenyewe, kushoto, chali, kulia, kwa nguvu ya jiwe linaloshuka polepole kwenye mnyororo. Hakikuhitaji umeme. Jiwe lingepandishwa mara moja kwa siku na jirani yeyote mwenye mikono. Na kanuni za chuo zilikuwa wazi: mradi ujengwe na karakana ya chuo, kwa vyuma vya mwanafunzi mwenyewe, na ufanye kazi mbele ya jopo kabla ya wiki ya kumi na mbili. Usipofanya kazi, mwanafunzi anarudia mwaka. Milimita akirudia mwaka, kiwanda kinaajiri mtu mwingine.

Bwenini alilala chumba kimoja na mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Chapchap, kwenye kitanda cha ghorofa. Milimita chini, Chapchap juu. Chapchap alichora mradi wake wakati wa kifungua kinywa, juu ya sinia, kwa penseli aliyoazima kwa Milimita na hajairudisha mpaka leo. Ulikuwa mchoro wa mashine ya kubangua karanga. Haukuwa na vipimo, isipokuwa sehemu moja iliyoandikwa "urefu kama mkono wangu", na katikati ulikuwa na duara la kikombe cha chai ambalo baadaye kila mtu alilihesabu kuwa gurudumu.

"Wewe dada unachora kama unaandika wosia," alimwambia Milimita, akining'iniza miguu kutoka juu. "Chora tu. Wataelewa."

"Wataelewaje bila vipimo?"

"Mimi mwenyewe sijaelewa, na nimelala vizuri."

Vyuma vya wanafunzi vilihifadhiwa kwenye rafu ndefu nyuma ya karakana, ncha zake zikiwa zimepakwa rangi ili kila mtu avijue vyake. Chapchap alipaka ncha zake rangi ya kucha. Milimita alipaka kijani, mikono miwili, akasubiri ikauke kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Tena alifanya jambo ambalo msimamizi wake alilisifu mbele ya darasa zima: wakati wa likizo alivikata vyuma vyote nyumbani kwa msumeno wa mkono, akavipiga tupa, akavigonga namba, moja hadi sitini na nne, kila kipande kwa urefu uleule ulioandikwa kwenye mchoro. Alitaka kumrahisishia fundi kazi. Kaka yake ndiye aliyevishika visitikisike, katikati ya kola na mifuko.

Wiki ya tano, vyuma vya Chapchap havikuwepo kwenye rafu.

"Vimesogea," Fundi Mkuu alieleza kupitia dirishani.

"Vimesogea kwenda wapi?"

"Vyuma husogea, binti. Mimi nipo hapa mwaka wa ishirini na mbili, nimeviona."

Chapchap alilia hadi saa saba mchana, akala, akaacha. Milimita alimpa pole na kumkunjia nguo zake. Ilikuwa pole ya kweli, kwani wakati huo hakuna aliyejua.

Kilichojulikana wiki iliyofuata ni kwamba nyumba ya Mkuu wa Idara ilikuwa imepata geti jipya, na kwamba geti hilo lilibangua karanga. Mwanamke mmoja muuza karanga alitundika gunia lake getini ili afunge kamba ya kiatu. Alipoinuka, karanga zote zilikuwa zimebanguliwa, hata moja haikupasuka. Maganda yalimwagikia upande wa barabara na karanga upande wa ndani. Mlinzi alimrudishia nusu. Mke wa Mkuu wa Idara alilalamika kuhusu uchafu wa maganda mbele ya nyumba, mlinzi akaongezewa fagio, na jambo likaishia hapo.

Chini ya bawaba za geti hilo, mtu akiinama, aliona rangi ya kucha.

Jopo lilikutana kulijadili. Fundi Mkuu aliitwa, akasema kitu hicho kimejengwa na karakana ya chuo. Mwanafunzi aliitwa, akasema vyuma ni vyake. Gunia la karanga liliitwa, likabanguliwa. Kanuni hazikusema popote kwamba mashine isiwe geti. Waheshimiwa walisimama barabarani na mafaili yao, wakachungulia, wakatafuna kidogo, wakampa Chapchap alama themanini na moja.

Milimita alikuwepo. Alipiga makofi kwa idadi sawa na wengine. Wakati wa kurudi alihisi kitu kimemkaa kooni, upande wa kushoto, kigumu, mfano wa kokwa ndogo. Kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, alichukua kalipa, kile kidude cha chuma cha kupimia unene, akakibana kooni mbele ya kioo. Kilisoma milimita nne na nukta mbili. Aliandika kwenye daftari lake, tarehe pembeni, na mbele ya kipimo akaandika jina la kitu chenyewe: wivu.

Basi ikawa mtindo. Mwanafunzi aliyesanifu pampu ya maji vyuma vyake vilisogea, na baada ya siku tisa kitanda kipya cha Mkuu wa Kitivo kilianza kuvuta maji kutoka chini ya sakafu. Mzee huyo alianza kulala na viatu vya mpira, akaanzisha bustani ya mboga chini ya dirisha, mwanafunzi akapata sabini na saba. Vyuma vya aliyesanifu mashine ya kufyatua matofali viligeuka meza ya kulia chakula ya mhadhiri wa hisabati. Meza ilifinya chochote kilichoachwa juu yake kuwa tofali safi. Watoto wa nyumba hiyo walijifunza kula haraka, na mhadhiri akajenga ukuta wa uani kwa makombo.

Kila Jumatatu rafu ilizidi kupungua. Kila Jumatatu vyuma vya Milimita vilikuwepo vyote sitini na nne, kwa mpangilio wa namba, na vumbi juu yake. Kokwa ilifika milimita tisa, ikafika kumi na mbili na nukta tano. Alianza kuvaa shati la kola ndefu.

"Shida yako unabana sana," Chapchap alimwambia kutoka juu. Sasa alikuwa mtu wa ushauri. Wanafunzi wa mwaka wa pili walimtembelea na madaftari. "Mimi vyangu niliviacha tu ovyoovyo. Chuma kinapenda kuachwa ovyo."

"Chuma hakipendi kitu."

"Mbona changu kilipenda?"

Milimita alizima redio na kulala akiangalia mbao za kitanda cha juu, zilizokuwa zimepinda kwa milimita thelathini na moja chini ya mtu mwenye alama themanini na moja.

Asubuhi aliamka na mpango. Alivihamisha vyuma vyake kutoka rafuni, akaviweka mlangoni, pale ambapo mtu yeyote mwenye nia angejikwaa. Mafundi walivikwepa. Aliviweka juu ya meza ya chai, wakavitumia kuwekea vikombe, na walipomaliza wakavirudisha rafuni kwa mpangilio wa namba. Aliviacha nje ya karakana kutwa nzima, karibu na barabara wanayopita walimu, akajificha nyuma ya pipa la mafuta machafu. Mkuu wa Idara mwenyewe alipita, akasimama, akainama, akainua namba kumi na saba. Mkuu wa Idara alikigeuzageuza kipande hicho, akakitumia kukwangua tope kwenye soli ya kiatu, akakirudisha mahali pake na kuendelea na safari.

Mwisho aliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, HAVINA MWENYEWE, akaifunga juu ya vyuma kwa kamba. Kesho yake alikuta mtu ameandika chini kwa mwandiko mzuri: Tumeona. Pole.

Alipiga simu nyumbani. Kaka yake alipokea, na nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikienda.

"Kitanda vipi?"

"Bado, kaka."

"Wamekwama wapi?"

"Hawajaviiba vyuma vyangu."

Cherehani ilisimama. "Hilo ni jambo jema, si ndiyo?"

"Wengine wote wameibiwa."

Kaka yake aliihamishia simu sikio la pili, jinsi mtu anavyofanya akiona mdogo wake amesoma kupita kiasi. Kisha akasema kiwanda kimepiga simu tena, wanataka jibu mwisho wa mwezi, na kwamba sasa ni saa nane, ngoja amgeuze mama. Hakukata simu. Milimita alisikia hesabu, moja, mbili, tatu, halafu godoro likiguna, halafu mama akisema ahsante mwanangu, kama alivyosema mara kumi na mbili kwa siku.

Wiki ya kumi, Milimita hakwenda dirishani. Alizunguka nyuma, akapita mlango wa mafundi, akamkuta Fundi Mkuu ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mzima. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Mbele yake, kwenye magoti, ulikuwa umetandazwa mchoro wa kitanda.

"Karibu," alisema bila kushtuka. "Nausoma kila siku nikinywa chai. Una vipimo vyote huu. Hata kona umezipa nusu duara ili shuka lisichanike. Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na mbili, sijawahi kuona mtu amefikiria shuka."

"Basi kijenge, Fundi."

"Fomu."

"Unajenga mageti bila fomu."

"Nani kakudanganya?" Aliinuka, akafungua droo, akamwonyesha. Fomu zilikuwemo, nadhifu, zimebanwa kwa pini. Geti, kitanda, meza, kabati la vyombo, zote na saini. "Mimi ni mtu wa utaratibu. Fomu za wanafunzi zikienda kule juu zinakaa. Fomu za mageti zinarudi kabla chai haijapoa. Mimi najenga kilichorudi. Na pesa ya kununua vyuma hawaleti, kwa hiyo nachukua vilivyopo."

"Unavyochukua vinakumbuka vilichokusudiwa."

"Hilo si juu yangu. Mimi nachomelea tu."

Milimita alimeza mate, na mate yalipita kwa shida. Alisema alichokuja kusema.

"Vyuma vyangu vina ubaya gani?"

Fundi Mkuu alimtazama kwa miwani ya kwanza, kisha akashusha ya pili akamtazama vizuri zaidi.

"Havina ubaya wowote. Ni vizuri kupita vyote. Lakini umevikata, binti yangu. Kipande kirefu kuliko vyote kina sentimita themanini. Nimjengee nani geti la vipande hivyo? Sungura?"

"Mkuu wa Idara ana sungura?"

"Sungura hana." Alikunywa chai. "Ana kuku."

Mashine ya kukereza, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona ikizunguka, ilikuwa imefunikwa kwa turubai.

"Wangapi?" Milimita aliuliza.

"Kumi na wanane. Mama mwenye nyumba analalamika wanalala chini kwenye unyevu."

Aliifikiria ngozi ya mgongo wa mama yake. Aliifikiria rangi ya kucha chini ya bawaba. Ukweli lazima usemwe: aliifikiria rangi ya kucha kwanza. Kisha akaomba kalamu, akachukua fomu tupu kutoka droo, akajaza kwa mwandiko wake ulionyooka: Banda la kuku. Mwombaji: Mkuu wa Idara. Vyuma: vipo. Aliipeleka juu mwenyewe na kuiacha kwa katibu. Aliporudi karakanani kikombe cha Fundi Mkuu kilikuwa bado kinatoa moshi, na fomu ilikuwa imeshafika kabla yake, imesainiwa.

Fundi Mkuu alijenga kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Alichomelea kwa mkono mwepesi na kila kiungo alikipiga tupa mara mbili. Banda la ukubwa ule lilihitaji vipande hamsini tu, lakini alitumia vyote sitini na nne, na hakuna kilichoonekana kimezidi. Hakuweka gia, hakuweka mnyororo, hakuweka jiwe, kwa kuwa fomu ilisema banda. Jioni ya Alhamisi gari la chuo lililibeba.

Ijumaa saa nne asubuhi kuku wa Mkuu wa Idara waligeuzwa kwa mara ya kwanza. Sakafu iliinuka upande mmoja, taratibu, wao wakaegemea kushoto. Saa sita ililala sawa. Saa nane iliinuka upande wa pili. Kuku ni ndege wa kelele, lakini hawa hawakutoa sauti. Siku ya tatu walianza kukaa bandani hata mchana, kwa hiari yao, wamefumba macho. Manyoya yaliyokuwa yamenyonyoka vifuani yaliota upya. Mayai yaliongezeka, na yote yalikuwa safi, bila ufa.

Jopo lilifika wiki ya kumi na mbili. Waheshimiwa walichuchumaa uani na mafaili magotini. Alikuwepo pia mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliyesoma ripoti yote usiku wa jana, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Saa nne kamili kuku waligeuka. Mtahini mgeni alitazama mpaka mwisho.

"Kinabeba uzito gani wa juu?"

"Kilo tisini," Milimita alisema.

"Hakuna kuku wa kilo tisini."

"Hakuna, Profesa."

Mtahini mgeni aliandika kitu, akakikata, akaandika tena. Mkuu wa Idara alikohoa na kusema chai iko tayari ndani. Milimita alipewa alama tisini na tatu, nyingi kuliko zote za mwaka huo na wa kabla yake.

Aliporudi bwenini alibana kalipa kooni. Ilisoma sifuri. Chapchap alikuwa amekaa kitandani kwake juu, miguu imening'inia, amefunga skafu shingoni ingawa joto lilikuwa kali.

"Tisini na tatu," Chapchap alisema.

"Ndiyo."

"Kwa kuku."

"Ndiyo."

"Mimi nilianza. Geti ndilo lilianza, sote tunajua." Alinyoosha mkono chini. "Hebu niazime hicho kidude chako."

Milimita alimpa. Alimwonyesha na namna ya kukishika ili kisome sawasawa, na kwa hilo alijisikia vizuri mno, vizuri kuliko inavyotakiwa.

Siku iliyofuata alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Idara. Alipokelewa vyema na kupewa kiti chenye mto.

"Mzee, naomba nilichukue banda nilipeleke nyumbani."

"Banda langu?"

"Ni kitanda, mzee. Cha mama yangu."

Mkuu wa Idara alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu. Hakuwa mtu mbaya, na alimpenda mwanafunzi mwenye bidii. "Binti yangu, ni banda lenye tabia ya kitanda," alisema. "Fomu inasema banda, mwombaji mimi, na mwandiko ni wako. Tena mama watoto hatakubali. Kuku wameshazoea, ukiwaondolea sasa wataacha kutaga. Sifa ni zako, hizo hakuna atakayekunyang'anya. Jenga kingine kwa ajili ya mama. Lete vyuma, jaza fomu."

"Karakana ni ya wanafunzi tu, mzee. Mimi nimemaliza."

"Kweli," alisema Mkuu wa Idara, kwa masikitiko ya dhati. "Hongera."

Alimpa trei ya mayai.

Kabla chuo hakijafungwa, tangazo lilibandikwa dirishani mwa karakana. Wanafunzi wa mwaka ujao waliombwa kuleta vyuma vya urefu kamili, visivyokatwa, na kuambatanisha kwenye kila mchoro orodha ya vitu vinavyohitajika nyumbani kwa msimamizi. Kila aliyelisoma alisema sasa mambo yamerahisishwa. Wawili watatu walikuwa tayari wameanza kuulizana ni mwalimu gani ana nyumba kubwa, na waliopangiwa walimu wapangaji wa chumba kimoja walikuwa wamekunja nyuso.

Milimita alifika nyumbani mchana na mayai hayakuwa yamepasuka hata moja. Kaka yake alikuwa kwenye cherehani, akishona kola. Kiwanda kilikuwa kimempata mtu mwingine siku ya Jumatano. Alilisema hilo bila kuinua kichwa, kisha akauliza kama safari ilikuwa njema. Kitanda cha mama kilikuwa kilekile cha mbao, dirishani. Milimita aliketi ukingoni, akamwonyesha mama cheti.

Mama alikisoma chote, pamoja na maandishi madogo ya chini yaliyosema mradi ni banda la kuku.

"Kinafanya kazi?" aliuliza.

"Kinafanya, mama."

"Vizuri?"

"Hata hawaamki."

Mama alichukua yai moja kwenye trei, akaligeuza kiganjani. "Wanaanza upande gani?"

"Kushoto. Kama unavyopenda wewe."

"Hapo umefanya vyema," mama alisema. "Kulia kunauma asubuhi. Hata kuku asianzie kulia." Alilirudisha yai kwenye trei, taratibu, akatazama dirisha. "Wana raha hao," alisema baadaye, kwa sauti ya mtu anayezungumzia majirani waliohamia nyumba nzuri.

Saa ya ukutani ilifika kumi. Kaka aliacha cherehani, akaenda upande wa mabega. Milimita alienda upande wa nyonga. Walihesabu, moja, mbili, tatu, wakamgeuza mama upande wa kushoto, na mama akasema ahsanteni wanangu. Upande wa pili wa nchi, katika dakika hiyohiyo, kuku kumi na wanane waligeuzwa bila mkono wa mtu, na hakuna aliyefumbua jicho.